Mama alipunguza chumvi, kumbe na madini joto yakaondoka

Mwezi wa pili, lile joto la Dar mnalijua, mimi nimekaa mlangoni na kanga moja najipepea na kipande cha boksi, mama yangu yuko kwenye kochi kavaa sweta, kitenge juu yake na soksi miguuni. Nikamuuliza mama unaumwa? Akasema siumwi mwanangu, nasikia baridi tu. Siku ya kwanza nikaacha. Siku ya tatu nikaanza kuogopa, maana hapa Mbagala mwezi wa pili hata paka analala sakafuni akitafuta ubaridi.

Mama ana kisukari aina ya pili, mwaka wa sita huu, na presha ilifuata nyuma yake. Wenye mzazi wa namna hii mnajua maisha yanavyobadilika jikoni. Soda ilitoka siku ileile ya majibu. Ikafuata sukari ya chai, mkate mweupe, wali ukabaki wa Jumapili na kwa kipimo cha kikombe. Hapo tulikuwa sawa kabisa, afisa lishe wa kliniki ya sukari ndo alitufundisha na sukari ikashuka, asubuhi kabla ya kula anasoma sita na kitu, saba. Tatizo letu lilianza pale tulipoanza kujiongezea masharti wenyewe. Mtu akasema maziwa yana sukari ndani yake, tukatoa maziwa. Mwingine akasema mayai yanaleta mafuta kwenye moyo, tukatoa mayai. Samaki nao wakawa wa nadra, sio kwa sababu ya sharti lolote, ni kwamba nyumbani tulizoea kula wa kukaanga na mafuta ndo hayo tunayakimbia, kwa hiyo ikawa maharage, mchicha, dona, kesho mlenda, dona, maharage.

Na chumvi. Kwenye chumvi ndo nataka nikae leo kwa sababu hapo mkosaji ni mimi. Daktari alisema mama apunguze chumvi kwa ajili ya presha na kulinda figo, na ni kweli apunguze. Mimi nikaenda mbele zaidi, nikaona kwenye status ya dada mmoja anauza chumvi ya pinki, ile ya kutoka milimani huko Pakistani, ameandika kwamba ndo chumvi ya wagonjwa wa sukari na presha, haina kemikali, ina madini zaidi ya 80. Nikanunua kopo kwa hela ambayo ningenunua chumvi ya kawaida ya mwaka mzima. Ilipoisha kopo la kwanza mama akasema bora basi tutumie chumvi ya mawe kama zamani, nayo haijapita kiwandani. Tukawa tunachanganya, mara pinki mara mawe. Mwaka na nusu hivyo.

Sasa turudi kwenye sweta. Ukiacha baridi, mama alikuwa anachoka. Zamani akirudi kanisani anapitia sokoni na anabeba mwenyewe, saivi akishuka daladala tu anataka akae. Choo kikawa kigumu, ngozi ya miguu kavu hata ukimpaka mafuta asubuhi jioni imeshapauka, anaanza kusema jambo anatafuta neno. Uzito nao ukapanda kidogo wakati anakula kachakula kadogo. Kila mtu aliyekuja nyumbani alisema ni sukari hiyo. Majirani, ndugu, mimi mwenyewe. Mtu akishakuwa na sukari kila kinachompata kinabandikwa jina hilo hata kama mashine inasoma sita.

Daktari aliyemwona mara hii alikuwa binti mdogo tu, akamwamkia shikamoo mama, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akazunguka nyuma yake akamshika shingo kwa vidole viwili vya kila mkono akamwambia ameze mate. Akarudia, meza tena mama. Akaandika kipimo cha TSH. Mimi ndo mara ya kwanza nasikia. Ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama ile tezi ya shingoni inafanya kazi vizuri, ikizembea ubongo unaongeza kuipigia kelele na TSH inapanda. Ya mama ilikuwa imepanda kidogo. Sio ya kuanzishiwa dawa siku hiyo, ila imepanda. Ndo akauliza swali ambalo katika miaka sita hatujawahi kuulizwa: mnapikia chumvi gani nyumbani?

Akatupeleka kwa afisa lishe, yule akasema wiki ijayo njooni na chumvi yenu, kijiko kimoja kimoja kwenye karatasi. Mimi nikafunga tatu, ya pinki, ya mawe niliyoitwanga, na nyingine nikaomba kwa jirani, ile nyeupe ya pakiti inayouzwa kwa Mangi kwa bei ya chini kuliko kitu chochote dukani kwake.

Afisa lishe akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Akatandaza zile chumvi kwenye sahani nyeupe, kila moja kichuguu chake, akadondosha tone moja moja. Akatueleza ndani ya kile kichupa kuna wanga, na wanga ukikutana na madini joto unageuka rangi. Mama akavaa miwani akainama. Ya mawe ikalowa, basi. Ya pinki ikalowa, ikabaki pinki. Ile ya kwa Mangi, tone lilipogusa tu, pale katikati pakawa bluu, halafu ikakolea kuelekea zambarau kama wino wa kalamu uliomwagika kwenye unga. Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ya chini, hii ndo waliyokuwa wanatuambia kule nyumbani.

Niwaeleze kwanza madini joto ni nini kabla sijasema ya kule nyumbani. Ni ayodini, Kiswahili chetu kimeyaita madini joto na kwa mama jina limekaa mahali pake kabisa. Tezi ya shingo, thairoidi, inayachukua kutoka kwenye damu na kutengenezea homoni, hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake. Homoni hizo ndo zinauambia mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, utumbo usukume, mwili upate joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ni kitu kidogo sana, ukikusanya ya maisha mazima hakijai kijiko cha chai. Mjamzito na anayenyonyesha Shirika la Afya Duniani linataka apate 250, kwa sababu ubongo wa mtoto unajengwa nayo, na wadada wenye kisukari cha mimba wanaokata vyakula kwa hofu naomba hili mlisome mara mbili.

Kwa mwenye sukari ina uzito wake. Tezi ikilala, insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi kabla haijaondolewa, kwa hiyo anayechoma sindano anaweza kushukiwa na sukari bila kutarajia. Mafuta kwenye damu, yale mabaya, yanapanda, na mgonjwa wa sukari tayari anapigana na hayo. Hata HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Unaweza ukaongezewa dozi ya dawa ya sukari wakati shida iko shingoni.

Kule nyumbani ni milimani Njombe. Mama yake mama, bibi yangu, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo unaoletwa na kukosa madini joto. Nilimwona nikiwa mdogo sana, nakumbuka shingo yake ilivyokuwa imejaa na kanga aliyokuwa anaizungushia kila akija mgeni. Mama anasema kijijini kwao haikuwa ajabu, kila nyumba ulikuwa unamkuta mama mwenye rovu, na walikuwepo watoto waliozaliwa hawasikii au akili haikukua, watu wakisema ni kurogwa. Udongo wa milimani mvua imeuosha miaka na miaka madini joto yameteremka na mito kwenda baharini, mahindi yanayoota pale hayana, ng'ombe anayekula majani ya pale hana. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika, mama anavikumbuka, halafu miaka ya 1990 ikaja kanuni kwamba chumvi ya kula lazima iwekwe madini joto. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu kila mtu anakula, tajiri na maskini, kila siku, kwa kiasi kinachofanana. Kwa hiyo mama alitoka kwenye milima yenye rovu, akaokolewa na chumvi, akaja Dar, na binti yake mwenyewe akaiondoa ile chumvi jikoni kwa mapenzi. Hili jambo limeniuma, sitaficha.

Najua kuna mtu atasema sisi tuko pwani, bahari hii hapa, tunapungukiwaje. Mimi pia nilidhani hivyo. Na chumvi ya mawe si inatoka baharini? Inatoka baharini ndio, pale Kunduchi kuna mashamba ya chumvi yenye umri mrefu, maji yanaingizwa kwenye mabwawa jua linayakausha. Lakini madini joto ya asili yaliyobaki kwenye chumvi ikishakauka ni kama hakuna. Ya pakiti inayo kwa sababu imepuliziwa iodeti ya potasiamu baada ya kuvunwa. Na kuhusu bahari yenyewe, watafiti walienda Unguja na Pemba miaka ya mwanzo ya 2000, visiwa kabisa, maji pande zote, wakakuta watoto wa shule wenye rovu na upungufu wa madini joto, Pemba zaidi kuliko Unguja, na sababu kubwa chumvi iliyokuwa inatumika nyingi haikuwa na madini joto. Kukaa karibu na bahari hakukulishi, unachoweka mdomoni ndo kinakulisha.

Ya pinki nayo, hayo madini 80 yapo kwa chembechembe zisizo na msaada, rangi yake ni chuma kidogo, na sodiamu, ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, ni ileile. Kwa presha hujapunguza kitu kwa kubadili rangi. Nilitaka kumwandikia yule dada nikaghairi, naamini naye aliambiwa tu akaamini kama mimi.

Sasa swali ambalo lilinitesa: kama mama anatakiwa kula chumvi kidogo, na madini joto yako kwenye chumvi, tunafanyaje? Afisa lishe akachukua kalamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa, na hiyo ni pamoja na iliyojificha kwenye mkate, viungo vya mchuzi vya pakiti, chipsi za mtaani, kila kitu. Tuchukulie chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo. Maana yake kila gramu ina mikrogramu 30, gramu 5 zinakupa 150, ya siku nzima. Mama akila nusu ya hapo anapata 75, na ukiivurumisha kwenye sufuria toka mwanzo inachemka saa nzima sehemu inapotea. Pengo linalobaki linajazwa na chakula, na vile vyakula vya kulijaza ndo vilevile tulivyokuwa tumemtoa. Akasema maneno ambayo nimeyashika: punguza kiasi, aina usiiguse.

Kwa hiyo mayai yamerudi. Yai moja lina kama mikrogramu 25 na karibu yote iko kwenye kiini, kwa hiyo ile tabia ya kula weupe na kutupa kiini haikusaidii hapa. Mama anakula moja la kuchemsha asubuhi, siku nne kwa wiki, daktari hakuwa na shida na hilo. Maziwa yamerudi, glasi moja ya mtindi usio na sukari, inaweza kukupa 50 na kuzidi kutegemea ng'ombe kalishwa nini. Sukari ya maziwa ipo kweli ila tumepima, saa mbili baada ya glasi moja mashine haikuruka, ilichoruka nacho ni zile glasi mbili na chapati enzi hizo.

Na samaki. Hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndo sehemu ninayoipenda. Jumamosi natoka alfajiri naenda Feri, ukifika saa kumi na mbili unakuta mnada umechangamka, watu na ndoo, maji chini, lazima uvae ndala ambazo huzionei huruma. Sinunui nguru wala kolekole, hela hiyo sina kila wiki. Nanunua vibua. Kibua ni samaki wa mtu wa kawaida, mweusi mweusi mgongoni kama kachorwa michirizi, macho yawe maangavu na matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Vijana wa pale wanakupaia na kutoa matumbo kwa hela ndogo. Nikifika nyumbani nawaosha kwa ndimu, nakatia nyanya, kitunguu, karoti, tangawizi, pilipili hoho, bamia mbilimbili, maji kidogo, nafunika. Mchemsho. Chumvi naiweka mwisho kabisa nikikaribia kuepua, robo kijiko kwa sufuria la watu wanne. Ndimu inafanya usione kwamba chumvi ni kidogo, hilo ni kweli, jaribuni. Na supu inanywewa yote, kwa sababu samaki akichemshwa sehemu ya madini joto inahamia kwenye maji, ukimwaga supu umemwaga ulichokifuata Feri.

Kitu kimoja ambacho watu wengi hawajui, samaki wa maji baridi hawafanani na wa maji chumvi kwenye hili. Sato, sangara, perege, dagaa wa Mwanza, ni chakula kizuri cha protini na mama anakula, ila madini joto yao ni machache kuliko ya samaki wa baharini. Ukitaka dagaa kwa ajili hii tafuta dagaa mchele wa baharini, waliokaushwa bila chumvi au uwaloweke kwanza uwasuuze. Ng'onda na papa wa chumvi kwa mwenye presha hapana jamani, ile chumvi ni nyingi mno na mara nyingi ni ya mawe, kwa hiyo unapata ubaya wote na faida hamna. Pweza na kamba wanafaa, kwetu ni mara moja moja.

Muhogo niuseme haraka kwa sababu shangazi alimwambia mama ahamie ugali wa muhogo kwamba hauna sukari. Wanga wake unapandisha kama mwingine tu. Halafu muhogo ukiwa haujaandaliwa vizuri unaacha sumu ambayo mwili ukiigeuza inagombania mlango na madini joto pale kwenye tezi. Muhogo mtamu wa kuchemsha mara moja moja hauna neno, makopa yaliyolowekwa na kukaushwa vizuri hayana neno, kisamvu kikitwangwa na kuchemshwa sana hakina neno. Kuufanya chakula cha kila siku huku chumvi yako haina madini joto, hapo ndo unajitafutia. Kabichi ya kupika kuleni tu.

Baada ya mimi kuelezea haya kwenye grupu la familia, binamu akatuma picha ya vidonge vya mwani vya kutoka nje, shangazi mwingine akauliza kama ile ayodini ya kusafishia vidonda inanyweka. Jibu la ya kidonda ni hapana, kabisa kabisa, ile ni ya ngozi. Jibu la vidonge vya mwani nalo kwa mama ni hapana. Ile mwani ya kahawia wanayotengenezea vidonge kidogo tu kinaweza kuzidi mahitaji ya siku nyingi, wakati Wamarekani wameweka mwisho wa mtu mzima ni mikrogramu 1,100 kwa siku. Tezi ikijazwa ghafla inaweza kulala zaidi, au kuamka vibaya, moyo unaenda mbio, mtu anapungua, sukari inapanda. Na wanaoathirika kirahisi ni wazee waliokaa na upungufu muda mrefu wenye vivimbe shingoni, watu wa umri wa mama na asili ya mama. Ndo maana yule daktari alimshika shingo kwanza. Hata mwani wetu wa Zanzibar, wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, mimi nausifu kwa mengi, lakini simpi mama kama dawa.

Kutunza chumvi nako tulikuwa hatujui. Zamani tulikuwa na bakuli wazi pembeni ya jiko la mkaa, joto na mvuke vinaingia siku nzima, na madini joto yanapotea kwa unyevu, jua na joto. Saivi nanunua pakiti ndogo, naangalia imeandikwa yenye madini joto na ina nembo ya TBS, wale wa Shirika la Viwango, naimimina kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, linakaa kabatini mbali na jiko. Sinunui ile iliyoanikwa juani kwenye gunia wazi sokoni hata kama muuzaji ni rafiki yangu.

Mwezi wa sita tulirudia TSH. Imeshuka, imeingia ndani ya kiwango. Daktari alikuwa mkweli, akasema kwa mtu wa umri wa mama hawezi kuapa kwamba ni chumvi peke yake, tezi zina sababu nyingi, kwa hiyo ataendelea kumfuatilia na tunarudi tena mwezi wa kumi na mbili. Uchovu umepungua, choo kimekaa sawa, sweta naliona bado kwenye kochi ila halivaliwi mchana. Presha imebaki palepale, 130 na kitu, hatujaiharibu kwa kurudisha chumvi ya pakiti kwa sababu kipimo hakijabadilika, robo kijiko kwa sufuria.

Ile ya pinki ipo nusu kopo. Mama amekataa isitupwe kwa sababu ilinunuliwa kwa hela, kwa hiyo nimechukua maka peni nikaandika juu ya mfuniko SI YA KUPIKIA, na chini yake mama mwenyewe akaongeza tarehe.